Puliza Kabla Hujawasikiliza

Moshi, Jumamosi mchana

Aika mwanangu,

Umepanda Uru kumuaga bibi yako na najua hatakuachia upesi, kwa hiyo nina nafasi ya kuandika. Nimekaa nyuma ya nyumba, karibu na zizi, ambako mtandao haushiki, ili watu wa harusi wanaonitafuta niwe MC wao wasinisumbue. Mambo ya mashuka na chandarua, na namna ya kukaa na mwenye nyumba huko Dar, mama yako ameshakuambia, tena ameyarudia mpaka na mimi nimeyakariri. Sitayagusa. Nataka tuzungumze habari ya filimbi yako ya urefa, kwa sababu ndiyo inayokupeleka huko kwenye ligi ya kulipwa, na kwa sababu tangu mechi ile ya mwezi uliopita mimi na wewe tumekuwa tukiongea habari za ng'ombe tu.

Nianze na mechi hiyo. Wewe uliiona ukiwa ndani ya uwanja, mimi niliiona kutoka jukwaani, na ukikaa jukwaani mambo huonekana tofauti.

Nilikuwa nimekaa na baba yako mdogo Elia, safu ya juu, penye kivuli. Robo ya nne ilikuwa inaishia, timu yetu iko nyuma kwa pointi moja. Yule kijana wetu mfupi akapenya katikati ya mabeki wawili, akauweka mpira kikapuni, watu wakasimama wakirusha kofia. Lakini filimbi yako ilikuwa imeshalia kabla mpira haujagusa ubao. Ukazungusha ngumi zako mbele ya kifua: ametembea na mpira, kikapu hakihesabiki. Halafu sauti moja nyuma yangu ikasema, "Mpeni mtori!" Ikajibiwa na nyingine, halafu jukwaa zima likaanza kupiga makofi kwa pamoja, "Mpeni mtori! Mpeni mtori!"

Kijana aliyekaa mbele yetu akageuka, anacheka, akaniuliza, "Mzee, huyu demu wamemtoa wapi?"

Elia alinitazama. Mimi nikasema, "Sijui. Labda Arusha."

Hakuna jogoo aliyewika, ila Elia hakunisemesha tena njia nzima ya kurudi nyumbani.

Wewe ulikwenda mezani, ukawapa waandishi wa pointi ishara, ukarudi mahali pako ukawakabidhi wageni mpira. Uso wako haukubadilika. Tulifungwa. Jioni ulikula, ukaosha vyombo, ukasema, "Baba, kesho majani nitakata mimi." Ikawa basi.

Najua unajua maneno yale yalitoka wapi. Ulipokuwa kidato cha tatu ulirudi kutoka shuleni ukaniuliza, "Baba, ni kweli wewe ndiye uliyeanzisha mambo ya mtori?" Nikakujibu "Ndiyo," nikachukua panga nikaingia migombani. Lile lilikuwa jibu la mtu anayekimbia. Leo nakupa lililobaki.

Timu ilipoanza kuwalipa wachezaji wake wewe ulikuwa bado hujaanza shule. Mimi nilikuwa MC wa harusi kama nilivyo sasa, ila kijana zaidi na mwenye mdomo zaidi. Mwenyekiti wa timu alinifuata nyumbani akasema, "Wachezaji tunao, jezi tunazo, lakini viti havina watu. Wewe unawakalisha watu harusini tangu saa kumi mpaka chakula kinapoa na hakuna anayeondoka. Utashindwa na mpira wa kikapu?"

Nikaona kweli, nitashindwaje. Wakaniwekea meza pembeni ya uwanja na spika mbili. Nilipiga muziki, nikacheza na watoto, nikawaita watu kwa vijiji vyao, wa Uru wapige kelele, wa Mabogini wapige kelele. Watu walikuja, wakatazama kidogo, wakaenda zao. Siwalaumu. Walikuwa hawajaujua mchezo, na mimi sikuwa nawafundisha kitu, nilikuwa nawachekesha tu.

Sasa siku moja alikuja refa mmoja mnene, mzito wa kukimbia. Akampa mchezaji wetu kosa la tano, maana yake anatoka nje. Mimi, bila hata kufikiri, nikasema kwenye maikrofoni, "Jamani, refa wetu ametoka kujifungua jana. Mpeni mtori."

Huku kwetu kila mtu anajua ile supu nzito ya ndizi na nyama hupikiwa nani. Mzazi, ili arudishe nguvu. Kumwambia hivyo mwanamume mbele ya umati! Jukwaa lilianguka kwa kicheko. Mama mmoja aliteremka ngazi akishika mbavu. Yule refa aliinama akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Jumamosi iliyofuata uwanja ulijaa. Watu walileta wenzao waje kunisikia. Baadaye mtu mmoja akaja na chupa ya mtori wa kweli, akaiweka juu ya meza yangu, watu wakashangilia kuliko kikapu chochote kilichofungwa siku hiyo.

Ninakuambia hili kwa sababu huko unakokwenda utakutana na watu watakaokuambia kwamba makelele juu ya waamuzi ndiyo yanayouza mchezo. Hao hawakudanganyi. Mimi nimeyaona kwa macho. Ugomvi ulijaza viti vyetu kabla mpira wenyewe haujavijaza. Shida ni kwamba sikujua kitakachofuata, na naona wengi wa hao watakaokushauri hawajawahi kukaa mpaka kikafuata.

Mchezaji tuliyempenda kuliko wote alikuwa Gasper. Kijana wa Mabogini, wazazi wake wakulima wa mpunga, mrefu, mkono wa kushoto. Alipopata mpira pembeni akaelekea kikapuni, hata waliokuja kumzomea walinyamaza. Ila alikuwa na tabia moja. Sheria inampa mtu hatua mbili akishaushika mpira, yeye alikuwa anaiba ya tatu. Ndogo, ya haraka, karibu ni kuteleza. Alikuwa na kasi kiasi kwamba ile hatua ilionekana ni sehemu ya uzuri wake.

Kisha akaja Mwalimu Silayo kutoka Mkuu, kule Rombo. Wewe unamjua kama mwalimu wako wa uamuzi, mtu mzima mwenye mvi. Wakati huo alikuwa mwalimu wa kawaida wa sekondari, anashuka Moshi mwisho wa wiki kuchezesha. Hakuwa na mbwembwe. Kosa alilopuliza huku alipuliza na kule, na mchezaji akimuuliza alimjibu kwa maneno mawili akaendelea. Siku hiyo alimpulizia Gasper kutembea tangu robo ya kwanza, na mimi nikammwagia mtori mpaka sauti ikakauka. Wakati wa mapumziko akaja mezani kwangu kunywa maji.

"MC," akasema, "ule utani wako unachekesha. Hata mimi nimecheka."

"Karibu," nikamjibu.

"Lakini yule kijana anatembea kweli. Kama unampenda, mwambie."

Aliongea taratibu, kama mtu anayekuambia kifungo cha shati lako kimefunguka. Mimi nilisikia dharau. Kipindi cha pili nikambatiza Mwalimu Mtori. Kila aliposogeza filimbi mdomoni nilisema, "Uchungu umeanza!" Watu walilia machozi kwa kucheka. Aliendelea kupuliza, tukafungwa. Alikuja tena mechi moja, nikamfanyia yaleyale, na baada ya hapo hakurudi. Nililihesabu jambo hilo kuwa ushindi wangu. Nililisimulia hadi kwenye harusi.

Waamuzi waliofuata walijifunza wenyewe. Aika, watu husema tulihonga. Hakuna aliyehonga. Hakuna aliyewaambia chochote. Walikuwa watu wa kawaida tu, wana watoto, wanataka kumaliza mechi warudi nyumbani bila kuchekwa stendi. Gasper akitembea, wanatazama pembeni. Mgeni akimgusa mchezaji wetu, filimbi. Ilikwenda hivyo msimu mzima na nusu, na nyumbani hatukufungwa.

Sasa ungefikiri timu isiyofungwa nyumbani inajaza uwanja. Mimi nilifikiri hivyo. Wa kwanza kunionyesha alikuwa mama yako, wala hakukusudia. Unajua alicheza mchezo huu shuleni na ndiye aliyenifundisha kuupenda. Siku moja katikati ya robo ya tatu nilimwona anakunja khanga yake, anakushika mkono. Nikamfuata mpaka mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kukamua."

"Mechi haijaisha."

"Imeisha tangu asubuhi," akasema, akaenda zake.

Nilikasirika. Nikasema ni mvua, nikasema ni mpira wa miguu kwenye televisheni, nikasema watu wa Moshi hawana shukrani. Nikaongeza ukali wa utani. Kicheko kikawa kinatoka kwa walewale wachache wa safu za mbele. Timu za wageni ziliacha hata kulalamika, zilikuja zikacheza nusu nguvu, zikapanda gari. Mtu anakwenda uwanjani kutazama kitu ambacho bado hakijaamuliwa. Sisi tulikuwa tunamuuzia kilichokwisha kuamuliwa, halafu tunashangaa kwa nini hanunui.

Ila viti vilivyobaki wazi siyo vilivyoniumiza. Aliyeniumiza ni Gasper.

Timu moja kubwa ya Dar ilimwita kwenye majaribio. Mji mzima ulijua. Mwenyekiti alikuwa na msiba, kwa hiyo nikamsindikiza mimi. Tulifika, tukapumzika, mchana akaingizwa kwenye mechi ya mazoezi. Waamuzi wawili, wala siyo wakali, vijana tu. Mpira wa kwanza alioupata, akaondoka kama anavyoondoka, filimbi: kutembea. Wa pili, filimbi. Wa tatu akasita, akautazama mguu wake, mtu akamnyang'anya. Alinitafuta kwa macho jukwaani. Maikrofoni sikuwa nayo, na hata ningekuwa nayo, sijui ningesema nini na watu wale hawanijui.

Kocha wao alikuwa muungwana. Alituita pembeni akasema, "Kijana ana mwili, ana akili ya mchezo. Lakini miguu hii amefundishwa na nani? Kwa umri wake itamchukua muda mrefu kuivunja hiyo tabia, na mimi muda huo sina." Tukashukuru, tukaondoka.

Basi liliposimama Korogwe watu washuke kula, yeye hakushuka. Nikamletea chai kwenye kikombe cha karatasi. Aliishika tu.

"Anko," akaniuliza, "nilikuwa natembea siku zote?"

"Siku zote hapana. Mara nyingi."

"Na wewe ulikuwa unaona?"

"Nilikuwa naona."

"Marefa je?"

"Nao walikuwa wanaona."

Akatikisa kichwa taratibu. "Kwa hiyo ni mimi tu ndiye nilikuwa sijui."

Hakunifokea. Ningefurahi angenifokea. Mpaka Moshi tulizungumza tena mara moja tu, alipouliza saa.

Alicheza msimu mmoja zaidi. Kila alipoupata mpira alitazama chini kwanza, na mchezaji wa aina yake akianza kutazama chini basi tena. Watu wakasema ameshuka kiwango. Sasa yuko Mabogini na mke wake na mashamba ya mpunga, anaendelea vizuri, mchele tunaokula hapa nyumbani nanunua kwake na ananipa salamu zote kwa heshima. Nilimkaribisha kwenye mechi yako ya mwezi uliopita. Akasema ana zamu ya maji shambani. Sijui kama ilikuwa kweli. Tangu alipoacha, hajaingia uwanjani hata siku moja.

Niliporudi kutoka Dar nilimrudishia Mwenyekiti spika zake. Mimi niliacha, neno halikuacha. Walimweka kijana mwingine na yeye akalikuta tayari, watoto wanalijua, na leo wanaolipiga makofi wengi hawajui hata ni nani aliyelitamka mara ya kwanza. Ndiyo sababu liliweza kukufikia wewe.

Baada ya hapo kamati ya waamuzi ilizinduka, ikawaambia waamuzi wawe wakali. Wakawa wakali kweli. Mtu akipumua karibu na mwenzake, filimbi. Nakumbuka mechi moja na timu ya Tanga, mchezo ulisimama na kusimama mpaka wasichana wadogo waliokuwa wamekaa chini wakainuka wakaanza kucheza rede pembeni, na watu wazima wakageuka kuwatazama wao. Ilikuwa kama harusi ambayo kila shangazi amepewa maikrofoni. Na hapo pia watu waliondoka, tena haraka kuliko mwanzo, maana wakati wangu angalau walikuwa wanacheka.

Wewe mwenyewe ulianza hivyo. Nilikuja kukutazama ukichezesha mashindano ya shule, nikaona unapuliza kila kiwiko. Nilitaka kukuambia, nikaona mimi si mtu wa kukufundisha kazi hiyo. Mwalimu Silayo sijui alikuambia nini, ila mwaka uliofuata ulikuwa unaacha mguso mdogo upite, mchezo unakimbia, na ule unaomharibia mtu njia unaukata palepale. Watu hawakukusifia. Walisahau tu kwamba upo. Nadhani hicho ndicho kipimo cha juu mnachopata kwenye kazi yenu, na ujiandae nacho, kwa sababu wewe ni mtu unayependa kuambiwa asante.

Kuna jambo moja ambalo Mwalimu naamini hajakuambia, kwa sababu ya heshima yake kwangu. Miezi michache baada ya safari ile na Gasper nilipata kazi ya harusi Rombo. Asubuhi yake nikapita Mkuu, nikauliza nyumba za walimu. Nilimkuta nyuma ya nyumba anakata majani makavu ya migomba. Aliponiona akaweka panga chini, akafuta mkono kwenye suruali, akanipa. Nilikuwa nimepanga hotuba njiani. Nilipofika nikasema tu, "Mwalimu, nilikufukuza uwanjani kwa mdomo wangu. Nimekuja kukuomba radhi."

"Hukunifukuza," akasema.

"Mwalimu, usinihurumie."

"Sikuhurumii. Maneno yako yalikuwa yanachekesha, nimeshakuambia, na nyumbani mke wangu mpaka leo ananitania nayo. Mimi niliacha kwa sababu ya mechi ile ya mwisho. Kijana wenu alipita mbele yangu, akatembea. Filimbi iko mdomoni. Nikamwona vizuri kabisa. Halafu nikasikiliza kwanza, kama utasema kitu. Nilipomaliza kusikiliza, mpira ulikuwa umeshaingia. Jioni ile nikaiandikia kamati wasinipange tena Moshi. Mtu anayesikiliza kwanza hafai kuchezesha."

Alinikatia mkungu wa ndizi nikarudi nao, mama yako akauliza umetoka wapi, nikasema Rombo.

Kwa hiyo Aika, sina hofu ya macho yako, wala ya miguu yako, wala kwamba hujui sheria. Sheria unazijua mpaka unazisema usingizini, nimekusikia. Hofu yangu ni sekunde ile. Huko kuna viti vingi kuliko vyetu, kuna kamera, kuna wenye timu wenye majina, na kuna MC wazuri kuliko mimi. Siku utakayojikuta umeona, na filimbi iko mdomoni, na bado unasubiri kusikia watasemaje, usijifiche. Mwambie mkubwa wako, upumzike wiki kadhaa, urudi. Mwalimu alikaa nje kwa muda mrefu kuliko alivyohitaji kwa sababu hakuwa na wa kumwambia. Wewe unaye.

Na kukosea utakosea, hilo halina ujanja. Mimi nimewahi kumwita bwana harusi kwa jina la mchumba wa zamani wa bibi harusi. Ukumbi mzima, wazazi wa pande zote, mchungaji. Niligundua neno likiwa bado liko hewani. Nikasema, "Nimekosea, naomba radhi," nikataja jina sahihi, nikaendelea na ratiba. Kosa lingekuwa kubwa zaidi kama ningeanza kumsifia yule bwana harusi mpaka mwisho wa sherehe ili kumlipa. Nimewaona waamuzi wakifanya hivyo. Wamemwonea mtu robo ya pili, robo ya tatu wanamzawadia kosa ambalo halipo, wanafikiri wamesawazisha. Watu wanaona. Mchezaji anaona. Kuanzia hapo wanajua makosa mawili yako, na hawajui tena ni lini utafanya la tatu.

Sasa nikueleze ambacho hukukiona mwezi uliopita, kwa sababu wewe walikutoa kwa mlango wa nyuma.

Nilipotoka na Elia, pale nje ya geti, vijana walikuwa wamejazana. Nikafikiri wanakusubiri wakuzomee. Kumbe mmoja ana mpira, anaigiza. "Moja, mbili, hii hapa, hii!" Mwenzake anamsukuma, "Acha, bwana, ile ya kwanza haihesabiki, alikuwa bado hajaushika!" Mwingine ana video kwenye simu, anairudisha nyuma, wamechomeka vichwa wote pamoja. Yule aliyeniuliza wewe wamekutoa wapi naye alikuwemo, anapima hatua kwenye vumbi kwa mguu wake, amesahau kabisa mtori. Walibishana mpaka mlinzi akaja kufunga geti. Jumatatu kwa kinyozi nikakuta bado wanabishana, na wawili kati yao walikuwa wanasema ulipatia.

Wiki iliyofuata nilikwenda peke yangu, wewe ulikuwa kwenye semina. Uwanja ulikuwa umejaa, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilikaa hadi mwisho bila kujua nani atashinda. Yule kijana mfupi uliyemfutia kikapu alikuwepo. Kabla ya mechi alikuwa amejitenga pembeni ya ukuta, anafanya mazoezi ya kusimamisha miguu. Moja, mbili, anaachia. Moja, mbili, anaachia. Hakuna aliyekuwa anamtazama isipokuwa mimi. Ana umri ambao Gasper alikuwa nao.

Sijui kama hayo yanatosha kukufidia kelele zile. Labda hayatoshi. Nilipaswa kusimama jukwaani na kusema wewe ni nani, sikusimama, na siwezi kukuambia kwamba nilikuwa na sababu nzuri. Niliona haya, basi, ya neno langu na ya kuonekana.

Jambo la mwisho, halafu niende nikamsaidie mama yako kufunga mzigo, maana nasikia anabishana na zipu. Ukimaliza mechi huko, usinipigie simu kuniuliza kama ulipatia. Mimi ni baba yako. Nitakuambia umepatia hata pale ulipokosea, na nitasema hivyo kwa mapenzi kabisa. Mpigie Mwalimu Silayo. Yeye atakuambia. Kwangu piga mengine yote, saa yoyote, nami nitapokea.

Baba yako